Mwaka ambao hatukwenda migombani: mwongozo kamili wa kuifanya nyumba ya kukodi inukie Krismasi

Kila Desemba Dar es Salaam inapungua watu, na utani ni ule ule: Wachagga wamekwenda kuhesabiwa, yaani wamerudi kwao Kilimanjaro. Sisi wa Kilema, kule migombani mlimani, tulihesabiwa kila mwaka tangu nipate akili, hadi mwaka ambao nyumba ya babu ilivuliwa bati ili iezekwe upya, mafundi wakaingia mitini. Krismasi ikabidi itafutiwe paa jingine. Tukakodi nyumba Bagamoyo: vyumba vinne, watu kumi na mmoja, siku nne.

Ile ya kwanza tuliiharibu, na mharibifu nilikuwa mimi. Nilinunua Kariakoo mti wa plastiki unaonizidi urefu, maboksi mawili ya taa za kuwaka na kuzima, na mapulizo ya kutosha harusi. Tukafika tarehe 24 jioni. Saa mbili usiku umeme ukakata: uniti za LUKU zimeisha, mita iko ndani ya kabati lenye kufuli, na mlinzi mwenye ufunguo amekwenda kwao kula sikukuu, simu kazima. Mti wangu ukabaki umesimama gizani, hakuna hata aliyeugeukia. Mama akatoka uani, akawasha jiko la mkaa, akaanza kukaanga vitunguu vya pilau kwa mwanga wa simu. Watoto waliokuwa wamenuna wakatoka mmoja mmoja, wakamzunguka. Dakika kumi baadaye mtu akaanzisha wimbo.

Nilichojifunza usiku ule ndicho ninachokipa nafasi hapa: beba vichache vya kwenu, vingine viokote huko huko. Tumerudi Bagamoyo mara mbili tangu siku hiyo, na hivi ndivyo tunavyofanya sasa. Kama unakwenda Pangani, Lushoto au Unguja, badilisha vya kuokota. Mengine yanabaki yale yale.

Kabla hujatuma kianzio

Picha za nyumba za kukodi hupigwa kitandani na kwenye bwawa. Wewe omba video ya jikoni. Mwambie mwenye nyumba akutumie kwa WhatsApp, afungue makabati, awashe jiko, aonyeshe sufuria kubwa kuliko zote aliyo nayo. Nyumba inayodai kulaza watu kumi na wawili inaweza kuwa na sufuria ya kupikia chai ya watu wanne na kisu kisichokata nyanya. Friji nalo litazame: mengi ni yale madogo ya kuweka soda sita.

Halafu uliza haya, na majibu yawe ya maandishi:

- Namba ya mita ya LUKU ni ipi, na kidude cha kuingizia tokeni kiko wapi? Ukiwa na namba, unanunua uniti kwa simu yako saa yoyote. Uliza pia kama umeme umo kwenye bei au ni juu yako.
- Tangi la maji lina lita ngapi, na pampu inaendeshwa na umeme? Kama ndiyo, umeme ukikatika na maji yamekatika.
- Mtungi wa gesi umejaa? Kuna jiko la mkaa, na kuna mahali nje pa kuwasha moto?
- Paa ni bati, vigae au makuti? Jibu hili litaamua habari ya mishumaa.
- Nani atakuwepo tarehe 24 na 25? Taka jina na namba mbili za simu.
- Kuna pasi? Usicheke, tutafika huko.
- Je, mbuzi anaweza kuchomwa uani? Muziki mwisho saa ngapi? Ndugu wawili wakija kula bila kulala, kuna shida?

Na kama nyumba umeiona mtandaoni tu, mtume mtu akaione kwa macho kabla pesa haijatoka. Nyumba hewa zimeliza wengi, hasa Desemba, kila mtu anapokuwa na haraka.

Swali moja kwa kila mtu

Wiki tatu kabla ya safari, muulize kila mwanafamilia swali moja: kitu gani kisipokuwepo, hii haitakuwa Krismasi? Kimoja tu. Asiyeweza kuchagua, mngoje.

Majibu ya kwetu niliyaandika nyuma ya bahasha. Baba: mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, asubuhi baada ya kanisa. Mama: pango, lile la sanamu za kuzaliwa kwa Yesu. Kaka yangu: ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na yeye mwenyewe ndiye ashike kisu. Shemeji: kwaya redioni tangu alfajiri. Binti yangu wa miaka saba: nguo mpya zikunjwe juu ya kiti usiku, azione akifumbua macho. Mtoto wa kaka, miaka kumi na mitatu: intaneti. Naye nikamwandika, kwani ni wa nani?

Hakuna aliyetaja mti wa plastiki.

Bahasha hiyo ndiyo mpango wa sikukuu yenu. Kila kilichoandikwa kipewe mtu wa kukisimamia, na ikiwezekana awe yule yule aliyekitaja. Kaka alipojua mbuzi ni jukumu lake, alianza kupiga simu Bagamoyo siku kumi kabla, jambo ambalo hata ningemwomba asingelifanya. Vitu ambavyo havimo kwenye bahasha vinaweza kukosekana, na mtaona kwamba hakuna atakayeviulizia.

Cha kubeba na cha kuacha

Kutoka Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70, gari linafika, kwa hiyo kishawishi cha kubeba nyumba nzima ni kikubwa. Kishinde. Sisi tunabeba sufuria kubwa na mwiko wake, kisu kimoja kikali, pasi, ekstensheni moja ya kuaminika, taa za betri na mbili za sola, deli la barafu, doti mbili za kanga ambazo hazijakatwa, kamba ya katani, gundi ya karatasi, ule utepe wa mafundi rangi, na sanamu za pango, kila moja ndani ya soksi yake.

Kisha kuna kifurushi cha Moshi. Shangazi anatupakilia kwenye basi ndizi mshare na fungu la majani ya masale, nasi tunakipokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Ndizi za mtori unaweza kuzipata Dar, sikatai. Ila kile kiroba kikifunguliwa jikoni Bagamoyo, udongo wa Kilema ungali kwenye mikungu, baba hukiinamia kwanza kabla ya kumsalimu mtu.

Acha mti wa plastiki. Acha mapulizo: Desemba upepo wa kaskazi umeshaanza kuvuma pwani, utayapasua kufikia saa nne na vipande vitaishia baharini. Acha lile povu la kopo linaloigiza theluji, kwa sababu kulisugua kwenye kioo cha mwenye nyumba ni kazi ya nusu siku. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo pakia kwenye vikapu vya ukindu. Vikishamwagwa vitu, ndivyo vinavyogeuka vya kuwekea zawadi na kuuficha mzigo kwa kanga juu.

Mchele, nazi, vitunguu na mkaa nunua huko huko. Unakwenda kwa watu, na mama muuza nazi wa sokoni ndiye atakayekwambia samaki wazuri wanashushwa saa ngapi.

Fika tarehe 23, mchana

Siyo tarehe 24. Siku moja hiyo ya ziada ndiyo inayookoa kila kitu. Ondokeni kabla hakujapambazuka, maana foleni ya Tegeta mpaka Bunju haijali sikukuu.

Mkifika, kabla ya mizigo kushuka, piga picha kila chumba: ukuta wenye doa, kiti kilichovunjika mguu, kikombe chenye ufa. Ni dakika tano, na tarehe 27 hakuna mabishano. Tazama mita ina uniti ngapi, ongeza. Fungua madirisha yote. Nyumba za kukodi za pwani zina harufu yake, ya godoro lililofungiwa na dawa ya mbu, na hiyo harufu ndiyo inayowaambia watoto kwamba hapa si kwetu. Ng'oa hiyo kwanza. Weka sufuria ndogo motoni, maji nusu, maganda ya machungwa mawili, kijiti cha mdalasini, karafuu kumi, iliki chache ulizozipasua. Iache itokote polepole huku mizigo ikishushwa. Kufikia wanapomaliza kugombea vitanda, nyumba inanukia jikoni kwa mtu.

Habari ya vitanda: havitatosha. Watoto walazwe mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kwenye chumba kimoja, na magodoro mengine yashushwe chini. Usiwatenganishe hata kama nafasi ipo. Zile kelele za saa tano usiku unazozikemea ndizo watakazosimuliana wakiwa wakubwa. Chandarua kwanza, mengine baadaye, na usitundike taa yoyote kwenye chandarua.

Mti, nyota na pango

Tuanze na mti, ili tuumalize. Pwani mti wa Krismasi ni mvinje. Majani yake kama sindano laini, na upepo ukipita unavuma kama mtu anayepiga mluzi mbali. Usikate ule wa ufukweni, huo ndio ulioushika mchanga. Mwombe mwenye nyumba tawi la uani linalohitaji kupogolewa. Tawi la mita moja na nusu, lisimamishwe kwenye ndoo ya mchanga mbichi, ndoo izungushiwe kanga. Mwagilia mchanga asubuhi na jioni, linakaa siku nne vizuri. Mvinje haubebi vitu vizito, hivyo vitundikwe vyepesi: vitambaa vya vitenge, nyota za karatasi, makombe matupu madogo yaliyotobolewa na mawimbi yenyewe. Waambie watoto waokote makombe yasiyo na mwenyewe ndani, na kila mtu achukue matano tu. Vile vipande vya machungwa vilivyokaushwa unavyoviona kwenye picha mtandaoni visikudanganye: kwa unyevu wa Bagamoyo vinaota ukungu siku ya pili.

Rangi nyekundu utaipata bure. Mkrismasi, ule mti mpana unaowaka maua mekundu mwezi huu, umepewa jina hilo kwa sababu hausubiri kukumbushwa. Ukiuweka kwenye chupa ya maua unanyauka mchana ule ule, kwa hiyo sisi tunaokota maua yaliyoanguka alfajiri na kuyaacha yaelee kwenye sinia pana lenye maji katikati ya meza. Maganda yake makavu, yale marefu kama panga, yana mbegu zinazolia ndani. Mpe kila mtoto moja, umeshapata kayamba za kwaya. Nawaonea huruma majirani.

Nyota sasa. Kazi hii ni ya mke wangu, Mbondei wa Muheza, ambaye mambo ya mnazi anayajua kuliko sisi watu wa migomba. Nenda sokoni ununue ufagio mpya wa chelewa. Ufungue, usikate kitu. Chagua chelewa 25 zinazolingana urefu, zigawe mafungu matano ya chelewa tano tano, kila fungu lifungwe kamba ya katani kwenye ncha zote mbili. Zilaze chini kama unavyochora nyota bila kuinua kalamu: kutoka chini kushoto panda hadi kileleni, shuka chini kulia, kata kwenda juu kushoto, vuka mlalo hadi juu kulia, rudi ulipoanzia. Funga ncha tano kwanza. Kisha pale mafungu yanapokatana, moja lipite juu na jingine chini kwa zamu, kama unavyosuka ukili, ndipo ufunge. Ukiruka hatua hii ya kupishanisha, nyota inajikunja ikining'inizwa na kuonekana kama kaa aliyekanyagwa. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Ining'inize barazani, ielekee barabarani.

Pango ndilo lililochukua moyo wa nyumba. Mama yangu amelijenga kila mwaka kwa magome ya migomba, na nilidhani bila migomba litakataa. Tulichukua kreti tupu la soda, tukalilaza kwa ubavu kwenye pembe ya baraza, tukaliezeka kwa pandikizi la kuti lililoanguka. Sakafu, mchanga wa pwani, ndoo moja. Hori, nusu ya kifuu, ndani tukajaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa mpaka yakawa laini kama majani makavu. Mama alikaa chini, miguu ameinyoosha, akawa anachambua nyuzi moja moja huku akilalamika kwamba hii si nyasi. Alichambua kwa saa nzima. Alipomlaza ng'ombe karibu na kile kifuu, akanyamaza, akarudi nyuma kidogo kulitazama, akasema, "Hata hapa angezaliwa."

Ngamia wetu alikuwa amevunjika mguu njiani. Watoto wakatengeneza ngalawa kwa kipande cha kuti, tanga la karatasi ya daftari, wakawapandisha Mamajusi humo. Baba akapinga, Mamajusi walitoka Mashariki kwa ngamia. Akajibiwa kwamba kutoka Mashariki kuja Bagamoyo ni bahari. Hakuwa na la kusema.

Kanuni mbili za pango zinazolipa uhai. Mtoto Yesu hawekwi mpaka mrudi kutoka misa ya mkesha, na anayemweka ni mdogo kuliko wote aliye macho. Na Mamajusi waanzie mbali, juu ya friji, wasogezwe kidogo kila asubuhi. Hawatafika, kwa sababu mnaondoka tarehe 27. Wa kwetu wanarudi Dar kwenye soksi na kumalizia safari kando ya televisheni, tarehe 6 Januari.

Mlangoni tunafunga majani ya masale. Kwetu sale ni jani la amani, ndilo linaloshikwa na mtu anayekwenda kuomba radhi. Kwenye familia ya watu kumi na mmoja chini ya paa moja kwa siku nne, litapata kazi.

Taa, bila kuunguza nyumba ya watu

Kama baraza au banda lina makuti, mshumaa usiwashwe kabisa chini yake. Makuti makavu na upepo wa kaskazi havihitaji mwaliko. Tumia taa za betri.

Lakini usizitundike ukutani kwa msumari, wala usizitandaze ovyo. Zikusanye ndani ya kitu. Tulichogundua ni dema, ule mtego wa samaki wa fito zilizosukwa kwa matundu. Ukizunguka kwa wavuvi asubuhi utaona madema makuukuu yaliyotobokewa. Omba au nunua moja kwa bei ya chai, lioshe kwa maji baridi mara mbili (nusa kabla hujaliingiza ndani, nakuonya), lianike siku nzima, kisha tia taa ndani na ulining'inize barazani. Kivuli cha matundu kinaenea ukuta mzima. Watoto wetu walilala wakilitazama.

Palipohitaji kubandikwa, tumia ile gundi ya karatasi ya mafundi rangi, siyo selotepu inayotoka na rangi ya ukuta. Ekstensheni moja, kitu kizito kimoja: friji na pasi visiwe kwenye mstari mmoja na taa. Taa za sola zipangwe kwenye njia ya kwenda chooni, kama choo kiko nje.

Meza na jiko

Kanga doti ambayo haijakatwa ina urefu wa mita tatu hivi, inafunika meza ndefu yote bila mshono. Igeuze ili jina lisomeke na wanaokaa upande wa kuingilia, na ulichague kwa makini. Tuliwahi kutandika doti nzuri sana ya rangi ambayo maneno yake yalikuwa ya kumsema mke mwenza, mama akayasoma kwa sauti mbele ya wageni.

Nyama, chukua kwenye bucha la hapo, au kaka wa kwenu anayesimamia mbuzi akubaliane na mchinjaji Mwislamu. Bagamoyo ni mji wa Kiislamu kwa wingi, na sahani ya sikukuu inatakiwa imfikie mlinzi, jirani wa ukutani na yule mvuvi wa dema, wao na watoto wao, bila mtu kuuliza. Kwao Idi ikifika nao hufanya hivyo hivyo. Bia, kama zipo, zinywewe ndani, siyo barazani mbele ya barabara.

Ndafu anahitaji mbuzi mdogo na moto wa taratibu wa saa nyingi, na mtu asiye na haraka. Usimlazimishe mwenye nyumba: akikataa moto uani, mpe mchoma nyama wa mtaani, umpokee akiwa tayari. Kinachofanya awe ndafu ni yale yanayofuata, mbuzi kuletwa mzima mbele ya watu, kaka kusimama na kisu, na kila kipande kwenda kwa mwenyewe kwa utaratibu wa ukoo. Hayo yanawezekana hata kwenye meza ya kukodi.

Pilau: kilo moja ya mchele kwa watu sita au saba wenye njaa. Sisi kumi na mmoja pamoja na sahani za majirani tunapika kilo tatu, na hapo ndipo ile sufuria uliyoibeba kutoka Dar inajibu. Pika kwenye mkaa na upalie moto juu ya mfuniko. Jiko la gesi la nyumba ya kukodi litaunguza katikati na kuacha pembeni mbichi. Samaki nenda kwenye mnada wa ufukweni asubuhi ya tarehe 24, uwapake viungo na kuwaweka kwenye deli.

Mtori wa baba tunaupika usiku wa kuamkia sikukuu. Mfupa wa ng'ombe uchemke mpaka uachie, ndizi mshare zimenywe na kuingia, kitunguu, nyanya moja, kisha usongwe mpaka mwiko usimame. Asubuhi ni kupasha tu. Wali na nyama tunavisogeza mpaka saa tisa alasiri. Joto la saa saba mchana pwani mwezi wa Desemba halimruhusu mtu wa mlimani kula pilau akabaki na adabu.

Mkesha na siku yenyewe

Pitia kanisani tarehe 23 usome ubao wa matangazo, kwani misa ya mkesha siku hizi parokia nyingi huianza mapema jioni. Bagamoyo kuna misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadri wa Roho Mtakatifu, na unaifikia kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Shirika hilo hilo ndilo lililofungua misheni ya Kilema mwaka 1890. Nilimwambia baba habari hiyo tukiwa tunatembea chini ya miembe. Alikwenda hatua kadhaa bila kusema kitu. "Kwa hiyo," akasema mwishowe, "sisi ndio tumekuja kuhesabiwa huku."

Mkirudi, Mtoto anawekwa kwenye kifuu, watoto wanalazwa, na pasi inaanza kazi. Nguo za sikukuu zinyooshwe usiku ule, zikunjwe, ziwekwe juu ya kiti cha kila mtoto, viatu chini yake. Kama ni zawadi moja tu unaweza kumudu mwaka huu, iwe hiyo. Vikapu vya ukindu na vitu vidogo vingine vinasubiri chini ya mvinje.

Asubuhi redio ya shemeji ndiyo inayoamsha. Mtori, nguo mpya, picha barazani kabla hazijachafuka. Kisha bahari, lakini muulize mvuvi jana yake maji yanajaa saa ngapi. Kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50, na ufukwe wa Bagamoyo maji yakipwa yanakwenda mbali, mnabaki na tope na watoto waliovalia kuogelea. Jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Washeni dema kabla giza halijaingia kabisa. Tarehe 26 msipange kitu. Kuleni viporo.

Kuondoka

Tarehe 27 mchanga wa pango unarudi ufukweni kwenye ndoo ile ile, kwa mkono wa watoto. Mvinje apewe mlinzi, ukawe kuni. Dema tulimrudishia mvuvi, akacheka, akasema limenona. Gundi ibanduliwe polepole asubuhi kabla ukuta haujapata joto, halafu linganisha vyumba na zile picha za tarehe 23.

Nyota inafumuliwa mwisho. Mke wangu anazifungua kamba, anazirudisha chelewa 25 kwenye fungu lake, anaufunga ufagio upya, na kwa ufagio huo tunafagia mchanga wa siku nne kuanzia chumba cha watoto mpaka barazani. Tunauacha nyuma ya mlango wa jikoni. Na kwenye LUKU tunaacha uniti kadhaa, maana anayekuja baada yetu huenda atafika usiku, na mlinzi kazima simu.